Akaunti iliyolala huenda bado inafanya kazi

Wewe unayeanza kutunza seva za Linux, siku moja utaambiwa utafute akaunti zisizotumika. Skripti yenyewe ni fupi. `lastlog -b 90` inakupa majina ya ambao hawajaingia kwa zaidi ya siku 90, kisha unachuja akaunti za mfumo, ambazo kwa kawaida namba zake za utambulisho (UID) ziko chini ya 1000 (hakikisha kwa kuangalia UID_MIN, namba ya kwanza ya watumiaji wa kawaida, ndani ya /etc/login.defs). Ugumu uko kwenye kuisoma orodha hiyo.

Mimi niliwahi kuisoma kama hukumu. Akaunti moja ilikuwa na miezi minane bila kuingia, mwenyewe ameshaacha kazi, nikaifuta. Wiki tatu baadaye tukahitaji nakala rudufu, na ya mwisho ilikuwa ya siku ile ile niliyofuta. Kazi ya kunakili ilikuwa kwenye crontab yake, yaani orodha ya kazi zinazoendeshwa kwa ratiba na programu iitwayo cron. Cron ilikuwa ikiiendesha kila usiku bila mtu kuingia, kwa hiyo lastlog haikuwa na habari.

Tangu hapo sigusi jina kabla ya kuendesha `crontab -l -u jina` na `ps -u jina` (inayoonyesha programu zake zinazoendelea), na kutazama tarehe za faili kwenye folda yake. Hata anayeonyeshwa hajawahi kuingia kabisa, muulizie kwanza: huenda anatumia barua pepe tu, huduma ambayo mara nyingi haiandiki chochote kwenye lastlog. Amri ya `last`, inayoonyesha historia ya kuingia, nayo usiitegemee peke yake. Kwa kawaida inasoma /var/log/wtmp, na kwenye seva nyingi faili hilo huanzishwa upya kila mwezi.

Ukiridhika, funga kwanza. Hapa wengi hukosea: `usermod -L` huweka tu alama ya mshangao mbele ya nenosiri katika /etc/shadow, faili la manenosiri, na mwenye ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwa mbali bila nenosiri) anaweza kuendelea kuingia kama kawaida. Andika `usermod -L -e 1 jina`. Hiyo 1 ni siku moja baada ya Januari 1, 1970, yaani akaunti imekwisha muda zamani. Iache hivyo mwezi mzima. Kama kuna kitu kinaitegemea, utasikia, na kuifungua ni amri moja.

Kabla ya kufuta, tafuta mali yake yote kwa `find / -user jina`, kwa sababu faili zilizoachwa hubaki na namba tupu (UID) ya mwenyewe, na mtumiaji mpya akipewa namba hiyo anazirithi zote, pamoja na siri zilizomo.