Picha mbili za mwisho wa mkanda

Marahaba mwanangu. Huku Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu na anauliza kama ule unga wa muhogo ulikufikia salama.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Uliandika: "Baba, kamera nimeipata, asante sana, lakini hapa Tandika nipige picha ya nini? Wanyama wako Serengeti, maua yako Kitulo. Mimi nina ua wa wapangaji sita, bomba, kamba za nguo, mwarobaini mmoja na kunguru." Swali hilo niliwahi kuwa nalo mimi mwenyewe, ndiyo maana nimeona nikuandikie, simu haitoshi.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilifanya kazi studio. Mkanda ulikuwa wa picha 36. Harusi ikiishia picha ya 34 zinabaki mbili, na kuzitupa ni hasara, maana mkanda umeshanunuliwa. Wenzangu walizimaliza kwa kupigana picha wao kwa wao. Mimi nilitoka mlangoni, nikaupiga mti wa mkungu uliokuwa mbele ya studio. Sikuwa na sababu yoyote zaidi ya kuwa ulikuwa karibu. Wiki iliyofuata nikaupiga tena, na nyingine tena, nikisafisha za wateja na za mkungu zinatoka humohumo.

Kama baada ya mwaka hivi nilizipanga zote mezani. Mwanangu, nilikaa chini. Mti ambao nilikuwa napita chini yake kila siku, nikiegesha baiskeli kwenye shina lake, sikuwa nimewahi kuuona. Majani ya mkungu hayaanguki yakiwa ya kijani. Yanageuka manjano, kisha mekundu, kisha damu ya mzee, na hayageuki kwa pamoja, hata tawi moja unalikuta na rangi zote hizo kwa wakati mmoja. Matawi yenyewe yametandazwa kama ghorofa, moja juu ya jingine. Kwenye picha za asubuhi, chini kuna kungu zilizotafunwa na popo usiku, na pembeni mtoto wa shule amechutama na jiwe anapasua kokwa. Kitulo sijafika mpaka leo, na natamani kufika. Lakini siku ile sikuona tena kwamba nimenyimwa kitu.

Kwa hiyo piga huohuo ua wako, na ukishaupiga, rudi saa nyingine.

Saa ndiyo kazi yenyewe. Jua la kwetu linapanda wima. Likishachomoza una kama saa moja ya mwanga laini, baada ya hapo kila kitu kinapauka. Jioni nako linazama upesi, giza linafuata nyuma yake. Amka kabla wapangaji hawajaanza kugombea bomba, saa kumi na mbili na nusu, utazame buibui alichofanya usiku kati ya bomba na ukuta. Piga ukiwa umelielekea jua, utando ukiwa katikati yenu. Ukilipa jua mgongo hutauona kabisa.

Mchana nako usiudharau moja kwa moja. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kama tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, saa sita na dakika zake, nguzo haina kivuli. Uso wa mtu ukiupiga saa hiyo unaharibika, macho yanakuwa mashimo. Ila weka ndoo ya maji pale uani, uyatikise kidogo, uangalie chini kwenye kitako chake jinsi mwanga unavyocheza kama wavu.

Na kunguru mpige. Asili yake ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka mpaka bara. Wanakula makinda ya ndege wengine, siwatetei kwa hilo. Lakini mngoje ageuke upande wa jua la asubuhi: ndani ya weusi ule kuna zambarau na kijani, na shingo yake ina rangi ya majivu. Akijaa kwenye picha, kamera itadhani kuna giza na kumfanya wa kijivu, kwa hiyo punguza mwanga kidogo.

Tena usipige peke yako siku zote, waulize unaoishi nao. Mimi nilimfuatilia mnana kwenye mnazi wa nyuma ya nyumba siku nyingi, dume akichana ukuti na kusuka kiota. Asubuhi moja nikamkuta anafumua alichokisuka mwenyewe. Niliendelea kupiga bila kuelewa ninachopiga. Mama yako, alikuwa anapepeta mchele, akasema bila hata kuinua kichwa, "Jike amekikataa, kimeshakauka." Kumbe yeye alikuwa akiwatazama miaka yote, bila kamera. Ni kweli, jike hupenda kiota kibichi, na kikishakuwa cha kahawia dume hukibomoa aanze upya. Picha ile ndiyo naipenda kuliko zote nilizowahi kupiga, na aliyeiona ni mama yako.

Lenzi hiyo haivuti, sogea kwa miguu. Ifute kwa kitambaa cha pamba, si kwa kanga iliyotoka jikoni. Betri imechoka, ichaji kila usiku.

Ule mkungu wa studio ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Picha zake ziko kwenye boksi la viatu chini ya kitanda chetu, utazikuta ukija Idi. Mwarobaini wako nipigie kesho asubuhi, na keshokutwa tena ukiwa umesimama palepale, unitumie zote mbili.

Baba yako