Kitabu Ambacho Mwisho Wake Unaujua

Lawama niliyochoka kuisoma kuhusu riwaya za mapenzi za kihistoria ni ile ya "nilijua mapema kwamba wataoana." Ulijua, ndiyo. Sote tulijua, jalada lenyewe lilishasema. Hakuna anayekwenda harusini kisha akalalamika kwamba alishamjua bibi harusi.

Siku hizi vitabu vyangu ni vya aina mbili tu. Mtoto akilala nasoma riwaya hizo. Akiwa macho namsomea vile vitabu vyake vya kurasa ngumu, vya kushika na kutafuna. Havifanani kwa lolote, ila vyote havifichi mwisho. Kwa hiyo ukiulizwa maoni yako, achana na mwisho, sema safari ilikuwaje.

Kwenye riwaya, mimi huangalia kwanza kinachowatenganisha wapendanao. Je, kinatoka katika zama zao? Nyingi hupenda Uingereza ya kati ya 1811 na 1820, Mfalme George III akiwa mgonjwa na mwanawe akitawala kwa niaba yake. Mwanamke wa wakati ule akiolewa, fedha na vitu vyake vilikuwa vya mume, na sheria iliyompa mke haki kamili ya kumiliki mali yake ilikuja 1882. Sheria nyingine, ya 1753, iliwabana walio chini ya miaka 21 wasioane bila ridhaa ya wazazi. Ndiyo maana kila baada ya riwaya mbili tatu utakuta gari la farasi linakimbilia Gretna Green, ng'ambo ya mpaka wa Scotland, ambako sheria hiyo haikuwa na nguvu. Vizuizi vya namna hiyo vina uzito. Lakini msichana tajiri akikubali posa bila hata kujiuliza fedha zake atazishika nani, au ugomvi mzima ukawa ni wa kumalizwa kwa kukaa na kuzungumza, hiyo ni hadithi ya leo iliyovalishwa gauni refu.

Makosa madogo nayasamehe. Mtu akiwasha njiti ya kiberiti mwaka 1815 nacheka tu na kuendelea, maana viberiti vya kusugua vilianza kuuzwa 1827. Kinachonifurahisha ni mwandishi kujua jambo dogo na kulitumia. Kabla ya stempu kuanza mwaka 1840, kwa kawaida barua ililipiwa na anayeipokea. Sasa mweke mlangoni msichana aliyefilisika, barua ya mpenzi wake iko mkononi mwa tarishi, na sarafu aliyobaki nayo ni ya mkate. Akiitoa, huhitaji kurasa kumi za kuelezwa kwamba anampenda.

Mawili siyanyamazii. Katika riwaya kadhaa za miaka ya 1970, shujaa humlazimisha mwanamke kitandani na mwandishi akaita mapenzi. Ukikutana na hilo liseme waziwazi, msomaji aamue kabla hajafungua kitabu. La pili ni utajiri wa bwana mkubwa. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807, lakini sheria ya kufuta utumwa wenyewe katika makoloni ilipitishwa 1833, na familia nyingi zenye majumba ziliishi kwa faida ya mashamba ya miwa ya Karibi. Simtaki mwandishi anihubirie. Ila shujaa mwenye fedha zisizokwisha na zisizo na asili hunipa mashaka, na katika maoni yangu huuliza zimetoka wapi.

Vile vya kurasa ngumu watu huvisifia picha na kuishia hapo. Soma kwa sauti kwanza, tena mara kadhaa mfululizo, kwa sababu ndivyo utakavyokisoma nyumbani. Sentensi inayokwaza ulimi mara ya kwanza itakukera jioni nzima. Jihadhari hasa na vile vilivyofupishwa kutoka kitabu kikubwa cha picha: mara nyingi maneno yamekatwa hadi mdundo umevunjika, na picha zimebanwa hadi mtoto haoni kitu. Na vinavyomfundisha wa mwaka mmoja uvumilivu na shukrani, mimi naona vimeandikwa kwa ajili ya mzazi anayenunua.

Mwanangu ana kimoja cha mbwa aliyejificha. Anajua fika mbwa yuko nyuma ya kabati. Tukifika ukurasa wa kabla yake anatulia, kiganja kimeshakandamiza ukingo, na nikichelewa kutamka neno la mwisho anafunua mwenyewe na kupiga kelele. Mwandishi amejua pa kukatia sentensi, na kazi ya namna hiyo ndiyo ninayoisifia.

Ukiandika kuhusu hivi, taja umri wa mtoto uliyemsomea. Mchanga huona vizuri kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, kwa hiyo picha nyeusi na nyeupe inayomboa wa miaka miwili yaweza kumfaa sana. Sema pia kitabu kikoje baada ya majuma kadhaa ya mate: pembe zimevimba? Uti wake umeachia? Vile vyenye vipande vya kufunua sipendekezi kwa anayetafuna bado. Kipande huchanika, na kabla hujageuka kiko mdomoni.