Vikope havitaisha Newala kwa dawa peke yake

Mkuu, umeuliza kwa nini bibi yako wa Newala bado anang'oa kope kwa kibano wakati dawa za vikope, ule ugonjwa wa macho uitwao pia trakoma, zimeshagawiwa kijijini kwao, na kama ni kweli watu wa huko hawapendi kunawa. Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii huku uwandani na nyumba hizo naziingia. Hilo la kutopenda kunawa si kweli, na linaniuma kila nikilisikia.

Tazama ardhi yenyewe. Newala na Tandahimba ziko juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Udongo ni kichanga, mvua inazama, mto huku juu hakuna. Ukisimama ukingoni mwa Shimo la Mungu pale Newala unaliona bonde la Ruvuma limetandaa chini, na maji yako huko. Wazee wetu walipanda huku karne ya 19 wakikimbia vita na wakamata watumwa. Usalama waliupata, maji yakabaki bondeni. Ya bomba yanasukumwa kwa pampu kutoka Mitema, upande wa Kitangari, kupandisha mlima. Pampu ikigoma, mabomba yanakauka.

Kwa hiyo huku paa ni afya. Mwenye bati anakinga mvua za Desemba hadi Aprili, anajaza kisima cha saruji uani, na akijaliwa anafika mbali kiangazi. Mwenye paa la nyasi hana cha kukinga, ananunua dumu kwa jirani. Na bati linatoka kwenye korosho. Mwaka ambao bei ya mnadani ni nzuri utaona mabati mapya kila upande. Mwaka ambao ugonjwa wa ubwiriunga umeshambulia maua ya mikorosho, watu wanaezeka nyasi tena. Mama mwenye dumu moja anaanza na ya kunywa, kisha ya kupikia. Nyuso za watoto zinangoja, na mimi siwezi kumlaumu.

Vikope huletwa na bakteria. Mtoto akiwa na tongotongo na kamasi, inzi anatua jichoni pake kisha anahamia kwa mwenzake, na mama anawafuta wote kwa pindo la kanga lile lile. Inzi huyo huzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa wazi, kwa hiyo choo nacho kimo. Kuugua mara moja hakupofushi. Ni kuambukizwa tena na tena, miaka na miaka, mpaka kovu la ndani linaukunja ukingo wa kope kuelekea ndani na nywele zake zinaanza kusugua kioo cha jicho. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto. Bibi yako amelea wangapi?

Dawa, ile Zithromax tunayogawa huku watoto wakipimwa urefu kwa mti ili kujua dozi, inaua vijidudu vilivyopo siku hiyo. Naigawa na nitaendelea kumsihi kila mtu aimeze. Lakini mtoto anarudi nyumba ile ile, kwa inzi wale wale, na kiangazi hakijamalizika. Ndiyo maana mafundisho yangu mengi ni ya maji kidogo. Akina mama wengi wanadhani kumnawisha mtoto kunataka beseni zima. Nawafungia kibuyu chirizi mlangoni, yaani chombo kinachotiririsha maji kidogo kidogo, tunanawisha watoto wa ua mzima kwa maji ya kopo moja, nao wanaona wenyewe. Taulo wala sabuni si lazima.

Sasa bibi yako. Kibano kinatuliza kwa muda tu. Kope zinaota tena, tena zinachoma zaidi. Mpeleke hospitali ya wilaya akaangaliwe. Upasuaji wa kope ni mdogo, anachomwa ganzi, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Uoni uliokwishapotea haurudi, nisikudanganye, ila msuguano unakoma na kilichobaki kinaokolewa. Kama anaogopa, mtafute bibi mwingine wa kijijini aliyekwisha kufanyiwa, akae naye waongee. Wananisikiliza kidogo mimi, wao kwa wao wanaaminiana.

Na ile pesa unayosema utatuma, uliza kwanza kama nyumba yake ina bati. Kama lipo, nunua gata na mwite fundi azibe nyufa za kisima kabla ya Desemba. Wajukuu anaolala nao watanawa hapo hapo.