Ukiandika kuhusu albamu mpya ya roki, usiishie kwenye "inafanana na"

Karibu wewe unayeanza kuchambua albamu mpya za roki na indi, yaani roki ya bendi zinazojitegemea nje ya kampuni kubwa. Katika kuhariri kazi za wanaoanza, sentensi moja nakutana nayo karibu kila mara: bendi hii inanikumbusha Led Zeppelin, au Beatles, au Springsteen. Mwandishi akishaisema anarukia wimbo unaofuata, na msomaji anabaki na jina tupu. Hajui kama ni gitaa, ni sauti ya mwimbaji, ni namna drams zilivyorekodiwa, au ni nywele ndefu na mavazi. Ukitaja bendi ya zamani, taja na kitu kilichochukuliwa kwake.

Fanya zoezi hili. Weka "Last Nite" ya The Strokes, kutoka albamu yao ya 2001, Is This It, kisha papo hapo weka "American Girl" ya Tom Petty and the Heartbreakers, ya 1976. Sikiliza mwanzo tu wa kila mmoja. Gitaa linaanza peke yake, linapigwa mfululizo bila kupumua, halafu wenzake wanaingia. Undugu hauna ubishi. Petty mwenyewe aliwahi kusema kwamba aliwasikia vijana hao wakikiri, akacheka, wala hakukereka.

Wengi wanafunga daftari hapo, wakati kazi ndiyo kwanza inaanza. Endelea kusikiliza. Julian Casablancas anapoanza kuimba, sauti yake imekwaruza kana kwamba inatoka kwenye simu, kwa sababu ilipitishwa kwenye amplifaya ndogo ya mazoezi. Wimbo wa Petty unazidi kupanda hadi gitaa la solo linaufunga. The Strokes wanaubana wa kwao, mkavu, kwenye mwendo uleule. Wamechukua mlango wa mtu, lakini nyumba waliyoijenga nyuma yake ni ya New York, na ni ya kwao. Hilo ndilo msomaji anataka kuambiwa.

Kisha shuka chini zaidi. Roger McGuinn wa The Byrds, bendi ya Marekani ya miaka ya 1960, alipousikia "American Girl" mara ya kwanza alidhani ni wimbo wake mwenyewe, na mwaka 1977 akaurekodi. Naye McGuinn alilipenda gitaa la Rickenbacker la nyuzi 12 baada ya kumwona George Harrison nalo kwenye filamu ya Beatles ya 1964, A Hard Day's Night. Kwa hiyo ukiandika kwamba The Strokes wamemwiga Petty, umeeleza hatua moja tu ya safari iliyochukua miaka 37.

Hapa kuna mtego wa kuangalia. Usiandike kwamba "American Girl" ina gitaa la nyuzi 12, hata kama sikio lako linakuapia. Ni Petty na Mike Campbell, mpiga gitaa wa Heartbreakers, wakiwa na magitaa mawili ya kawaida, kila moja likijaza nafasi linayoacha jenzake. Ukiwa umekulia kwenye muziki wa dansi una faida kubwa hapa, maana tayari unajua jinsi solo na rithimu zinavyojibizana. Tumia sikio hilo, na kabla ya kutaja chombo, soma maelezo ya nani alipiga nini.

Neno "wizi" nakuomba ulichunge kuliko mengine yote. Mwaka 2021 wasikilizaji walipoona "brutal" ya Olivia Rodrigo imechota kwenye "Pump It Up" ya Elvis Costello ya 1978, Costello alimtetea, akaeleza kwamba roki ndivyo inavyokwenda, na kwamba yeye naye alichota kwa Bob Dylan na Chuck Berry. Lakini si kila mkopo ni wa amani. Led Zeppelin walitoa "Whole Lotta Love" mwaka 1969 bila jina la Willie Dixon, ingawa maneno yake yalitoka kwenye wimbo Dixon aliomtungia mwimbaji wa bluzi Muddy Waters. Dixon alishtaki mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama, na jina lake likawekwa. Mtunzi mweusi wa Chicago alisubiri miaka mingi kupata haki yake. Huwezi kuliandika jambo hilo kwa sauti ileile unayoandikia vijana walioazima staili.

Ndiyo maana nikisikiliza Greta Van Fleet wa Michigan, waliopata Grammy ya albamu bora ya roki mwaka 2019 kwa From the Fires, silalamiki kwamba wamemchukua Zeppelin. Nalalamika kwamba wameishia kwake. Yowe la Robert Plant, mwimbaji wa Zeppelin, lipo, gitaa la mwenzake Jimmy Page lipo, ila bluzi iliyowalea hao wawili siisikii. Linganisha na The War on Drugs wa Philadelphia kwenye Lost in the Dream ya 2014. Adam Granduciel anaimba kwa uchovu wa Dylan na tamaa ya barabara ya Springsteen, lakini chini yake kuna drams za pigo moja lisilogeuka, zinazokumbusha Neu!, bendi ya Ujerumani ya miaka ya 1970. Mikopo miwili isiyojuana imekutanishwa, na imezaa kitu ambacho hakuna hata mmoja wa wakopeshaji alikuwa nacho.

Na usisikilize tu, tazama pia. Jalada la 2018 la kundi la boygenius linawaonyesha wanakundi wake watatu, Julien Baker, Phoebe Bridgers na Lucy Dacus wamekaa kama walivyokaa Crosby, Stills na Nash kwenye jalada lao la 1969. Ukieleza kufanana huko na kuondoka, umeeleza pozi tu. Uliza wale wa 1969 walikuwa nani: Crosby alitoka The Byrds, Stills Buffalo Springfield, Nash The Hollies. Na hawa wa 2018 vilevile, kila mmoja alikuwa tayari ametoa albamu ya peke yake kabla hawajakaa pamoja kuimba.