Kamera ifunguliwe au ifungwe?

SWALI: Asalaam aleikum dada. Binti yangu ameanza kozi ya chuo kwa intaneti, yuko hapahapa nyumbani. Mwalimu anataka kila mtu afungue kamera, baba yake hataki hata kusikia. Uliwahi kuandika kuwa ulisoma Oman wakati wa korona. Nyinyi mlifanyaje?
Mama Watatu, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam mama. Umenikumbusha mbali. Machi 2020 vyuo vilipofungwa nilikwenda kwa shangazi, Seeb, mkoani Maskati, nikidhani ni wiki mbili tu. Hata viatu nimeviacha dahalia. Tarehe 10 Aprili mkoa wa Maskati ukafungwa, vizuizi barabarani, viatu vikabaki hukohuko.

Darasani tulikuwa wasichana watupu isipokuwa wavulana watano, na kwenye skrini wote tulikuwa vijisanduku vyeusi vyenye herufi ya kwanza ya jina. Haukuwa utoro. Kwa shangazi intaneti ilishika vizuri sebuleni tu, na hapo ndipo binamu zangu wanapita vichwa wazi na wadogo wanagombania tableti. Ningefungua kamera, ningewaanika wote.

Lakini kujificha nako kulinilemaza. Siku moja nasikiliza somo la takwimu huku nakuna nazi, kumbe naitwa mara ya tatu. Nafungua kipaza sauti, kabla sijasema neno bibi akapiga kelele kutoka uani: "Nani kaacha mfereji wazi?" Mwalimu wetu, mama wa Kiomani niliyemjua kwa Kiarabu na Kiingereza tu, akajibu kwa Kiswahili safi: "Si mimi, bibi!" Kumbe naye kwao wametoka Unguja.

Huyohuyo ndiye aliyetuokoa kwenye mtihani. Alitaka kamera ya simu iangalie mikono na karatasi, basi. Mimi niliiegemeza simu kwenye kopo la maziwa. Mahudhurio aliyapata kwa kutuuliza ghafla. Mwalimu mwingine alikata alama kwa kila kamera iliyofungwa, mwenzangu mmoja akawa anasomea ndani ya gari la baba yake, kiyoyozi kinanguruma, kavaa shela kamili, Juni ile. Mpaka leo naona alionewa.

Kwa hiyo binti amwandikie mwalimu wake mapema, aombe hiyo ya mikono na karatasi. Akikataliwa, baba mwenyewe achague pembe: binti mgongo ukutani, mlango uwe mbele yake, asionekane mpita njia. Na kipaza sauti akifunge. Hasa kipaza sauti.