Maji Chini ya Sitaha: Onja Kwanza, Ndipo Uulize

Masika imekwisha, na kama kila mwaka simu yangu imejaa picha za maji yaliyokaa ndani ya boti. Maji ya kahawia, maji ya kijivu, maji yenye mafuta yanayong'aa juu, yote yamepigwa picha kwa tochi kupitia tundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa, na chini yake swali lilelile: "Fundi, haya nini?" Nimechagua machache. Ambao hamkuona maswali yenu, someni ya wenzenu. Majibu yenu yamo humohumo.

"Shikamoo fundi. Boti yangu ina maji chini ya sitaha. Nifanyeje?" (Msomaji, Tanga mjini)

Marahaba. Boti gani? Ya mbao au ya faiba? Maji yanaingia ikiwa imeelea, au hata ikiwa imelala mchangani wiki nzima? Mwaka huu nimeulizwa hivi na watu zaidi ya ishirini, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kitu cha maana zaidi ya vyote: ni maji chumvi au maji baridi, yaani yasiyo na chumvi?

Nusa kwanza. Kama yananuka petroli, usionje wala usiwashe kitu. Kama hayanuki, chovya kidole uguse ulimi. Yakiwa chumvi, yanatoka chini: kalafati (pamba inayoziba kati ya mbao) imelegea, msumari umeliwa na kutu, au tundu la shafti ya pangaboi linavuja. Yakiwa baridi, yanatoka juu, ni mvua, na sitaha yako inavuja hata kama unaapa kwamba ni nzima. Kazi mbili tofauti, gharama mbili tofauti. Nimemwona mtu akipandisha mashua pwani wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, akakalafati tumbo zima, akapaka na deheni ya kuzuia maji, kumbe maji yalikuwa ya mvua.

Na usidhani maji baridi ni afadhali. Kwa mti ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu kuvu wanaoozesha mbao huyapenda, na chumvi huwazuia. Wazee waliokuwa wakimwagia sitaha ndoo za maji ya bahari kila asubuhi hawakuwa wakifanya usafi tu. Chumvi ilikuwa dawa, na mbao hazikupata nafasi ya kukauka zikaachana.

"Nimenunua boti ya faiba ya futi 18, ya zamani kidogo. Ikiwa na watu wanne inakuwa nzito kama imebeba kumi. Nikiipandisha na kufungua kizibo cha nyuma hakitoki kitu. Wenzangu wanasema injini imechoka." (Mvuvi, Sahare)

Injini yako haina kosa, usiiuze. Boti yako imekunywa maji.

Boti nyingi ndogo zilizotengenezwa Marekani tangu miaka ya 1970 zimejazwa povu gumu chini ya sakafu, kwa sababu sheria ya kule inataka boti chini ya futi 20 isizame hata ikijaa maji. Watengenezaji wa nchi nyingine nao wanafanya hivyo. Povu hilo likiwa jipya halinyonyi maji. Likikaa miaka mingi limelowa, likitikiswa na mawimbi kila siku, vijumba vyake vidogo hupasuka kimoja kimoja na kujaa. Ukifungua kizibo hakitoki kitu kwa sababu maji hayako wazi, yamo ndani ya povu kama yalivyo ndani ya sponji.

Mwaka juzi tuliikata sakafu ya boti kama hiyo. Povu lilikuwa na rangi ya ugali wa muhogo uliolala. Nilichukua kipande cha ukubwa wa tofali, nikakibonyeza kwa mkono mmoja, maji yakanitiririkia hadi kiwikoni. Kijana wangu alijaza toroli mara kumi na moja, na kila toroli ilimtoa jasho kama la mchanga. Piga hesabu mwenyewe: pipa moja la lita 200 la maji ya bahari ni kilo 205. Ndani ya boti ya futi 18, mapipa mawili ni abiria sita ambao hawashuki wala hawalipi nauli.

Usikaushe kwa kutoboa vitundu na kuiacha juani. Nimeona watu wakingoja kaskazi nzima. Povu lililolowa kwenye sanduku lililofungwa halikauki, linaota ukungu tu. Dawa ni kukata sakafu kwa nafasi, kuacha ukingo wa vidole vitatu pande zote ili uwe na pa kuishikiza tena, na kulitoa lote kwa jembe dogo na mikono. Kabla ya kukata, jua tangi la mafuta liko wapi. Ukilifikia, ligeuze ulikague upande wa chini. Tangi la alumini lililokalia povu bichi huliwa kutoka nje, nawe unalitazama kwa juu unaona linang'aa.

Kuna wanaotoa povu wasirudishe kitu. Boti inakimbia, wanafurahi. Siku ikijaa maji njiani kwenda Pemba itashuka kama jiwe. Rudisha povu jipya la aina isiyonyonya, au kama mfuko hauruhusu, madumu ya lita 20 yaliyofungwa barabara, kila moja linakunyanyulia karibu kilo 19. Yafunge kwa mikanda, na usiyapange yote chini ya sakafu. Mengine yakae ubavuni juu, karibu na ukingo, maana nguvu ya kuelea ikiwa yote chini boti iliyojaa maji hupinduka na kuelea kifudifudi. Na acha mfereji katikati, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), ili maji yajayo yapate njia ya kukifikia kizibo. Ule mfereji ndio uliokosekana tangu mwanzo.

"Silikoni ya dukani inafaa kuziba sitaha?"

Ya bafuni ibaki bafuni.

"Sitaha ya boti yetu ya faiba inabonyea ukikanyaga karibu na nguzo ya kamba. Fundi mmoja anasema atatoboa vitundu, amimine resini (gundi ya faiba), basi. Anataka malipo nusu kabla ya kuanza. Tumpe?" (Ndugu wawili, Bagamoyo)

Msimpe.

Sitaha ya faiba ya zamani mara nyingi ni kama sambusa: ngozi juu, ngozi chini, katikati plaiwudi au mti mwepesi wa balsa. Ngozi zenyewe hazina shida. Maji huingia kupitia matundu ya skrubu na bolti, hasa penye nguzo na vyuma vinavyovutwa kila siku, na yakishaingia hayana pa kutokea. Mti unaoza mpaka unakuwa kama majani ya chai yaliyochujwa. Sasa huyo anataka kumimina resini juu ya majani ya chai mabichi. Haitashika. Resini ya kawaida ya faiba haishiki hata kwenye mbao nzuri iliyolowa, sembuse iliyooza. Itajaza kijitundu, itakuwa ngumu pale mnapokanyaga yeye akiwepo, na atakuwa ameshakula pesa zenu mvua ya vuli ikianza.

Chukueni sarafu ya mia mbili mgongegonge sitaha nzima, hatua kwa hatua. Penye uzima inalia kwa sauti kali. Penye maji inalia kama unagonga boga. Wekeni alama kwa chaki. Nakuhakikishieni eneo litakuwa kubwa mara tatu ya pale panapobonyea, maana maji husafiri ndani ya mti muda mrefu kabla mguu haujagundua.

Kisha kateni ngozi ya juu juu ya eneo hilo, mkitoe kiini kilichooza chote hadi mfikie mti mkavu unaotoa vumbi jeupe. Acheni wazi, mkiezeka turubai juu lenye kupitisha upepo. Kazi hii ni ya Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, si ya Mei. Wekeni plaiwudi mpya ya baharini kwa gundi ya epoksi, rudisheni ngozi. Halafu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapolala, kila tundu la bolti toboeni kubwa kuliko bolti, lijazeni epoksi, likauke, ndipo mtoboe tena katikati yake. Hivyo hata bolti ikivuja kesho maji yatakutana na epoksi, hayatakutana na mti.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwa wakizungumzia sitaha. Huku ukiziba ufa kabla ya kutoa maji, ndipo unapojenga ukuta. Nasema kwa uchungu: mashua yangu ya kwanza niliikalafati sitaha mwezi wa tano, mbao zikiwa bado na masika ndani, nikapaka rangi mbili za buluu nikajisifu. Kufika kaskazi nilikanyaga boriti ya chini ya sitaha ikaitika kama muwa. Goti la kushoto bado linanikumbusha.

"Tuna jahazi la marehemu baba. Maji hayaishi kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo), na yananuka. Jirani anashauri tumwage saruji tuifunge kabisa." (Mama na wanawe, Kigombe)

Poleni kwa msiba, na asanteni kwa kuuliza kabla ya kumwaga.

Jirani yenu si wa kwanza. Saruji inaua majahazi taratibu kuliko upepo. Mbao huvimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, saruji haifanyi lolote kati ya hayo. Baada ya msimu mmoja kunakuwa na uwazi wa unywele kati yao, maji yanaingia humo, na hamtayaona tena wala kuyafua, yaani kuyachota nje. Chini yake mbao zinaoza na misumari inavimba kwa kutu, na siku mkitaka kukarabati mtahitaji patasi ya mawe.

Nanyi huenda hamna hata tundu linalovuja sana. Tazameni chini ya kila taruma (mbavu za jahazi), pale linapokutana na mkuku (mti mkuu wa chini). Pana kijitundu cha kupitishia maji, fundi aliyeliunda alikiacha makusudi ili maji yote yateremke mahali pamoja pa kufulia. Miaka mingi ya magamba ya samaki, vumbi la mkaa na vipande vya makuti vimeviziba. Kwa hiyo kila nafasi kati ya taruma na taruma ni kidimbwi chake, mnafua kimoja, kumi vinabaki. Harufu inatoka humo.

Zibueni kwa waya, mmwage maji ya bahari mengi mpaka yapite safi, kisha pitisheni mnyororo mwembamba katika matundu yote kutoka omo hadi tezi na muuache humo. Kila wiki mtoto auvute mbele na nyuma mara tatu. Nailoni yenye mafundo inafaa pia. Kamba ya mkonge najua tunaisifia hapa Tanga, lakini ngamani itaoza na kuwa uchafu mwingine. Mkishazibua, mkaushe siku mbili mtazame ni wapi panarudi maji, ndipo mwite mtu wa kalafati. Atakuwa na kazi ya siku moja badala ya wiki.

"Nimefunga pampu ya umeme inayojiwasha. Sasa ngama ni kavu muda wote. Nimemaliza?"

Umenunua msiri wa kukufichia. Ihesabu inawaka mara ngapi kwa usiku mmoja. Ikizidi mara moja au mbili una tundu, na siku betri ikiisha utakuta boti imekaa chini kwenye matope ya Deep Sea, pwani yetu ya Tanga. Na jingine kuhusu pampu ya umeme: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani na kukaa humo. Fungua, acha upepo upite, unuse, ndipo uguse swichi. Hili mnaniona kama bibi mwenye woga, sijali.

"Mume wangu ana mtumbwi wa ngalawa na boti mbovu uani. Zimejaa maji ya mvua. Anasema tusimwage kwa sababu mti utapasuka. Mbu wanatumaliza." (Dada, Mwambani)

Dada, nyote mna hoja, ila yake ina kasoro. Mtumbwi wa kuchonga ukikauka juani hupasuka kweli, hasa wa mwembe. Lakini anachotakiwa kuweka ndani ni maji ya bahari, kidogo tu, abadilishe kila mara, na aufunike kwa makuti. Maji ya mvua yaliyotuama yanaozesha mti uleule anaoulinda, na mbu wa dengi hutaga humo. Mwaka 2019 Tanga tulikuwa miongoni mwa walioumwa, tusijisahaulishe. Boti mbovu haina hoja yoyote: ng'oa kizibo, inua omo juu ya gogo ili maji yateremke nyuma, na akikataa kizibo kikitolewa, kifiche.

"Nimepata boti ya faiba kwa bei nzuri, imepakwa rangi mpya ndani nje, cheti cha TASAC (shirika la serikali linalokagua vyombo vya majini) kipo. Nikague nini?"

Rangi mpya ni funika kombe mwanaharamu apite. Cheti kinaeleza ilivyokuwa siku ya ukaguzi, hakikati sitaha kuangalia ndani. Nenda na sarafu yako. Na nenda siku ya pili ya mvua, si siku ya jua. Muuzaji akisema leo hapatikani kwa sababu ya mvua, umeshajibiwa.

"Kwenye dari ya kabini kuna doa, linadondosha maji ya rangi ya chai. Je, ni kutu ya bolti?"

Kutu huacha wekundu na ukoko. Rangi ya chai ni mti wako unaotoka kwa matone. Weka kikopo chini, pima kwa siku saba, unitumie namba. Na tafadhali, niandikie ni chumvi au baridi.