Jenereta nayo iandikwe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tumepima mawimbi ya ubongo ya watoto wenye kifafa na tunataka kuwapa watafiti wengine data hiyo. Maelezo yake tuyaandikeje? Msomaji, Gulu.

JIBU: Marahaba. Mpangilio wa BIDS, kanuni ya pamoja ya kupanga data za ubongo iliyotangazwa 2016, utawapa majina ya mafaili na majedwali. Hapo sina wasiwasi. Ninachoogopa ni yale mnayoyaona ya kawaida. Umeme wa ukutani huingia kwenye kipimo kama kelele; wetu ni wa hezi 50 (mizunguko kwa sekunde), wa Marekani 60. Mtu wa huko asipoambiwa atachuja masafa yasiyo yetu. Elektrodi ya rejea, ile ambayo vipokezi vingine vya kichwani hulinganishwa nayo, ilikaa wapi? Mtoto gani alikuwa amesuka nywele, elektrodi zisiguse ngozi vizuri? Alimeza dawa gani asubuhi? Jenereta ikiwashwa katikati ya kipimo, tajeni dakika. Majina ondoeni, umri kwa miaka unatosha.